Jibu ni la Mwenye Ng'ombe

Jumatatu, 21 Julai

Vipindi vinne mfululizo. Chaki imekwisha katikati ya kipindi cha pili, nikamalizia na kipande cha muhogo mkavu. Unaandika vizuri tu. Mikono inanuka unga mpaka sasa.

Mwezi wa tatu huu najitolea hapa. Hisabati, darasa la saba. Ajira ya serikali ikitoka nitapangiwa huko watakakotaka. Kwa sasa niko Nyamwaga, nyumbani kwa Tata na Mama, nalala chumba kilekile nilichotoka nikiwa mdogo. Kitanda kimekuwa kifupi.

Leo milinganyo. Mama ana debe kadhaa za mahindi, kavuna debe 9 zaidi, zimekuwa 31, mwanzo alikuwa na ngapi? Nikawaambia: usichokijua kipe herufi. Kiite x. Halafu andika habari yote kwa alama. x + 9 = 31. Hamisha 9, badili alama, x = 22. Wamepata karibu wote. Nikajiona mwalimu.

Ila kitabu kinanikera. Treni mbili zinakutana njiani. Hapa nani kaiona treni? Juma na machungwa yake, kila ukurasa Juma na machungwa. Kesho nawapa vitu wanavyovijua. Nawapa ng'ombe. Tena ng'ombe wa kweli, wa Tata.

Jumanne, 22 Julai

Nimeamka kabla ya jua kuchomoza. Baridi ya kung'ata. Tata akiwafungulia ng'ombe, mimi nimesimama kando ya lango la zizi, kidole mbele, namhesabu mmojammoja anavyotoka. Thelathini na nane. Tata alikuwa upande wa pili, hakuniona.

Ubaoni nikaandika, kwa jina la Tata: Mzee Mwita ana ng'ombe zizini. Akinunua wengine 7 watakuwa 45. Ana ng'ombe wangapi?

Darasa likanyamaza. Nikadhani wanafikiri.

Nimekusanya madaftari sitini na mawili. Kila daftari, x + 7 = 45. Mstari umepigwa chini kwa rula. Basi. Hakuna jibu. Hata Bhoke, binti anayenisahihishaga mimi nikikosea, kaishia hapohapo. Nimemwandikia kwa wino mwekundu: HUJAMALIZA. Sifuri. Nimeandika sifuri mpaka kalamu ikaanza kukwaruza.

Nimekasirika. Nikalifanya mwenyewe ubaoni, nikaandika kwa herufi kubwa: Mzee Mwita ana ng'ombe 38. Nikazungushia duara. Nikawaambia wasome kwa sauti, wote. Wamesoma wachache, sauti za wagonjwa. Uvivu. Jana walijua kuhamisha, leo wamesahau.

Alhamisi, 24 Julai

Siku mbili nzima nimefundisha kuhamisha. Namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilika. Nimewaimbisha. Nimechora mto na daraja.

Debe: wanapata. Ndoo za maji: wanapata. Matofali: wanapata. Ng'ombe: wanaandika mlinganyo, wanaacha. Mbuzi: wanaacha. Nikaweka watoto wa mama fulani anayegawa maandazi: wanaacha. Kuku: nusu wamepata, nusu wameacha. Huu ni ugonjwa gani?

Nimemuuliza Bhoke mbele ya wote kwa nini hamalizi. Akaangalia sakafu. Nikamsimamisha kipindi kizima. Mguu wake mmoja ulikuwa unatetemeka mwishoni, nikajifanya sioni. Mtihani wa taifa ni Septemba. Nani atampa maksi kwa kuishia njiani?

Ijumaa, 25 Julai

Tata kaambiwa.

Nimerudi shuleni, yuko kwenye kigoda chake nje, ananoa panga. Shikamoo Tata. Kimya. Nikadhani hajasikia. Shikamoo Tata. Panga linaenda na kurudi kwenye jiwe. Tangu nizaliwe Tata hajawahi kuninyima marahaba.

Mama ndiye kanieleza, jikoni, kwa sauti ya chini. Ng'ombe wa Tata hawahesabiwi. Wala mbuzi. Wala watoto, hao ndio kabisa. Mwiko wa baba yake na babu yake. Hunyooshi kidole, husemi namba. Zipo nyumba nyingi hapa zinazofuata hivyo, nyingine zimeacha. Ukiulizwa una ng'ombe wangapi unasema wapo. Namba ikishatamkwa ni kama umeita kitu kije kuchukua. Na mimi nimetamka, nimezungushia duara, nimesomesha darasa zima.

Nikacheka. Namkumbuka Mama alivyoniangalia nilipocheka. Nikamuuliza, sasa mmoja akipotea atajuaje? Akasema: hahesabu, anaangalia nani hayupo.

Upuuzi. Mimi ningejuaje? Darasa la tatu nilipelekwa Musoma kwa shangazi, nyumba ya mapazia na televisheni, nikawa narudi likizo tu kama mgeni. Hawakuniambia kwa nini. Wengine wote walibaki, mimi nikapakiwa na begi. Leo nilaumiwe kwa kutojua miko?

Lakini sasa naelewa madaftari. Hawakusahau kuhamisha hata kidogo.

Jumapili, 27 Julai

Nimetoka kanisani nikakuta watu bondeni. Ng'ombe mmoja wa Tata, wa kijivu mwenye pembe moja iliyopinda, katumbukia kwenye shimo. Shimo la zamani la watu waliokuwa wanatafuta dhahabu, wameondoka, nyasi zimelifunika. Mguu wa mbele umevunjika. Wamemtoa kwa kamba, wanaume wengi, wakamchinjia hapohapo.

Shimo lilikuwepo miaka. Ng'ombe ana macho manne? Hana. Angeweza kuanguka mwaka jana.

Hakuna aliyeniambia neno. Nyama imegawiwa, majirani wamekuja na mabeseni, kila mmoja kanisalimia kwa adabu kupita kiasi. Hiyo ndiyo imeniuma. Nilitamani mtu anitukane nimjibu.

Shikamoo Tata. Kimya.

Nyama sikula.

Jumatano, 30 Julai

Leo kaja Bwana Haule, mtaalamu wa mifugo wa kata. Mngoni wa Songea, yuko hapa mwaka wa pili, pikipiki na daftari kubwa. Homa ya mapafu ya ng'ombe imeingia upande wa Kerende. Ng'ombe anakohoa, anakonda, anakufa, na kabla hajafa ameshawapa wenzake. Chanjo itakuwa Jumamosi ya wiki ijayo. Anapita boma kwa boma kuandikisha.

Chupa moja inachanja ng'ombe hamsini. Ukishaichanganya na maji yake hairudi kwenye barafu, utumie saa hiyohiyo au umwage. Kwa hiyo anataka namba ya kila boma ili agawe chupa sawasawa. Kijiji alichotoka wamemdanganya, na boma la mwisho limekosa.

Akamuuliza Tata: ng'ombe wangapi? Tata akasema wapo. Wangapi mzee? Wapo. Ishirini? Hamsini? Tata akaangalia migomba. Bwana Haule akajaribu kicheko, akajaribu ukali, akasema mzee, bila namba sikuandiki, na nisipokuandika sikuchanji. Tata akamwambia asante kwa kututembelea.

Mimi nilikuwa mlangoni na jagi la maji. Namba iko mdomoni. Thelathini na nane toa mmoja. Nimefungua mdomo, Mama akanifinya mkono mpaka alama imebaki.

Pikipiki ikaondoka. Jagi nimelibwaga mezani, maji yakamwagika. Wale ng'ombe ndio ada yangu ya chuo. Ndio Tata mwenyewe, huwezi kumtenganisha. Watakufa wote kwa sababu ya neno moja ambalo hataki kulisema.

Shikamoo ya jioni nimeitoa kwa ukali. Haikujibiwa.

Ijumaa, 1 Agosti

Boma la pili kutoka kwetu, kuvuka kijito, ng'ombe wawili wanakohoa. Watu wanaongea hayo tu. Tata anawachunga wake mbali, upande wa juu, anarudi kachoka. Usiku wa jana tumesikia anakohoa yeye mwenyewe, Mama akaruka kitandani. Ni vumbi tu.

Nimeamua. Namba ya simu ya Bwana Haule ninayo. Kesho napanda kwenye jiwe kubwa panaposhika mtandao, nampigia, namwambia wako thelathini na saba, andika. Tata hatajua. Akijua, atanikasirikia akiwa bado na ng'ombe.

Namba hiyo nimeikata, nimeiandika tena. Sijui kwa nini. Ni namba tu.

Jumamosi, 2 Agosti

Sikupiga.

Asubuhi nimekaa na Mama kupukuchua mahindi. Simu iko kwenye mfuko wa sketi. Mama akasema bila kuinua macho: najua unataka kwenda wapi. Akaendelea na gunzi lake. Halafu akaniambia.

Naandika alivyosema, nisije nikabadilisha.

Nilikuwa darasa la tatu. Alikuja mtu wa kuandikisha vyandarua. Chandarua kimoja kwa watu wawili, kwa hiyo alitaka idadi ya watoto. Mama akasema wapo. Yule mtu akauliza tena. Mimi nilikuwa nimetoka shule, nimevaa sare, nimejua kuhesabu mpaka mia na nilikuwa naringa. Nikawapanga wadogo zangu na wakubwa zangu ukutani. Nikanyoosha kidole, mmojammoja, kwa sauti. Nikamaliza na Robi, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa amebebwa mgongoni. Tuko saba, nikasema. Yule mtu akaandika, akanisifu, akanipa kalamu.

Robi aliugua malaria wiki hiyo. Hakufika Jumapili. Vyandarua vililetwa baada ya mwezi.

Kalamu naikumbuka. Ya bluu. Robi namkumbuka kidogo, nywele zake. Kuhesabu sikumbuki hata kidogo. Nimejaribu mchana kutwa.

Mama anasema majirani walianza kunisema. Bibi mmoja alinionyesha kidole kisimani. Tata ndipo akaenda mwenyewe Musoma kuongea na shangazi. Akakataza mtu yeyote asiniambie, yeyote, awe ndugu awe jirani. Alisema mtoto hajaua mtu, na asikue akidhani ameua. Kwake yeye namba ilimchukua Robi, hilo analiamini mpaka leo. Lakini mimi hapana. Hayo mawili ameyabeba pamoja miaka yote hii.

Nikamuuliza Mama, yeye anaamini nini. Akasema anaamini vyandarua vilichelewa.

Miaka yote nilisema walinifukuza. Nilimwambia hivyo Tata usoni siku moja, nikiwa kidato cha nne. Alinyamaza. Nikadhani hana la kujibu.

Nimelia kwenye mahindi kama mtoto. Mama kaniacha nilie.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwita Bhoke ofisini, yaani chini ya dirisha la ofisi, ndani hakuna nafasi. Nimemwomba msamaha kwa kumsimamisha. Mwalimu kumwomba mtoto msamaha, macho yalimtoka. Nikamuuliza taratibu: kwa nini mliandika mlinganyo halafu mkaacha? Si mngeacha vyote?

Akafikiri. Akasema: Madam, ulisema tuandike. Tumeandika. Jibu ni la mwenye ng'ombe.

Nikamruhusu arudi darasani.

Kwake lile halikuwa swali lililokwama. Mlinganyo ni habari kamili. Unasema ng'ombe wapo, unasema wakija saba itakuwaje, na mwenye mali unamwachia neno lake. Watoto wa darasa zima walitafuta njia ya kunitii mimi bila kumvunjia heshima baba yangu, na wakaipata, na mimi nikawapa sifuri. Nawaambia kila siku kuuliza si ujinga. Mwenyewe sikuuliza.

Halafu kitu kimenijia nikiwa narudi, kwenye kona ya mashine ya kusaga. Nilisimama katikati ya barabara. Bodaboda kanipigia honi.

Bwana Haule hahitaji kuhesabu ng'ombe. Ahesabu dawa.

Chupa ina dozi hamsini. Kila ng'ombe dozi moja. Mchanje boma zima, halafu pima kilichobaki kwenye chupa. Kilichobaki ni dawa, dawa haina mwiko. Ng'ombe ni x. x na mabaki vinafanya hamsini. Hakuna aliyenyoosha kidole.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemfuata Bwana Haule ofisini kwake baada ya vipindi. Kwanza kacheka. Halafu kakunja uso. Akasema kama mabaki ni mengi atayamwaga, na chanjo hii haitoshi hata hivyo. Nikamwambia jirani yetu wa chini ana wachache na ameshaandikishwa, awalete wasubiri hapohapo, mabaki yaende kwao. Akasema, na kama mzee ana zaidi ya hamsini? Nikasema chupa moja inatosha.

Akaniangalia. Kwa hiyo unajua wako wangapi. Nikasema ninajua chupa moja inatosha.

Alikaa muda anagonga kalamu. Akasema fomu yake ina nafasi ya idadi, lazima ijazwe. Nikasema ataijaza mwenyewe ofisini, hesabu ya kutoa ya darasa la pili. Huko Songea kwao, akasema, bibi yake alikuwa hataki mtu ahesabu vifaranga. Hapo nikajua nimempata. Ila kasema mzee mwenyewe akubali kwa mdomo wake, hataki kesi.

Hapo ndipo pagumu. Tata haongei na mimi. Siku kumi na moja leo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeenda zizini alfajiri, kabla hajafungua. Niligeuza mgongo kwa ng'ombe, makusudi, ili aone siwaangalii. Nimesema shikamoo, sikungoja jibu. Nikamweleza yote, chupa, dozi, mabaki. Nimeongea haraka mno, nimerudia mara mbili. Nimesema hakuna mtu atakayehesabu ng'ombe zako Tata, tunahesabu dawa iliyobaki.

Robi sikumtaja. Nilitaka. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Nilivyomwona ameshika ule mti wa lango kwa mikono miwili, yakaniishia.

Akawatazama ng'ombe juu ya bega langu. Halafu akauliza: na wewe utajua?

Nikasema nitajua, Tata.

Utasema?

Sitasema.

Akafungua lango. Nikafumba macho mpaka wa mwisho alipopita. Nilisikia kwato tu na harufu yao. Tata hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mchana Mama kaniambia kamtuma mtu kwa jirani wa chini, awe tayari Jumamosi.

Nimefika shuleni nikakaa kwenye choo cha walimu nikalia tena kidogo. Naona nimekuwa mtu wa kulia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimerudisha madaftari sitini na mawili. Nimekata zile sifuri zote, nimeandika juu yake: mlinganyo sahihi.

Lakini Septemba iko palepale, na karatasi ya mtihani haina habari na miko ya mtu. Nikawaambia ukweli huo. Kisha nikaandika: mtu fulani ana ng'ombe, wakiongezwa 12 wanakuwa 42. Bhoke akanyoosha mkono. Madam, mtu huyo ni nani? Nikasema hayupo, ni mtu wa karatasi. Na ng'ombe wake? Wa karatasi pia. Wanakula nini? Nikasema wino.

Wamecheka mpaka mwalimu mkuu kachungulia. Halafu wakainama wakaandika. Thelathini. Thelathini. Thelathini. Madaftari yote, likiwemo la yule wa nyuma ambaye hajawahi kupata kitu tangu nije. Wiki mbili nahangaika na daraja na mto, kumbe walitaka kujua ng'ombe ni wa nani.

Naona nimeandika madaftari sitini na mawili, siandiki watoto. Hata ile Jumanne niliandika hivyo. Sijui nilianza lini.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamechanjwa.

Bwana Haule kafika saa mbili asubuhi na boksi lake la barafu. Tata na jirani walishafunga njia nyembamba ya miti pembeni ya zizi. Wakaingizwa mmoja nyuma ya mwingine. Mililita moja, begani, mwingine. Tata alikuwa anawaita kwa majina yao kwa Kikurya, mwekundu, mwenye baka, binti wa fulani, kila mmoja anaposogea. Kumbe ndivyo anavyojua. Ana orodha nzima kichwani na haina namba hata moja. Alipita yule aliyekuwa akifuatana na wa kijivu siku zote, na Tata akanyamaza kidogo hapo, halafu akaendelea.

Mimi nilikaa kwenye kigoda, nimewapa mgongo, nimeshika chupa tu na kivuli cha mwavuli juu yake isipate jua.

Wamekwisha. Bwana Haule kavuta dawa iliyobaki kwenye bomba la sindano, kainua juu, kasoma. Kumi na tatu, kasema. Kumi na tatu za dawa. Alisema hivyo kwa sauti, kwa Tata, na akaongeza neno dawa kwa mkazo. Nimempenda bure.

Akanipa fomu. Haya madam, malizia. Watu wamesimama, jirani, Mama, vijana walioshika kamba. Tata yuko hatua tatu kutoka kwangu. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye ile nafasi ya idadi: x + 13 = 50. Nikampa. Kaangalia, kakuna kichwa, kafunga daftari. Mabaki yakaenda kwa jirani.

Tata aliiona ile karatasi. Hajui kusoma sana. Aliitazama muda mrefu.

Shikamoo ya jioni: Marahaba.

Nimeisikia vizuri. Mama pia kaisikia, kaangusha mwiko.

Jumatatu, 11 Agosti

Mvua ndogo ya ghafla mchana, si majira yake. Mahindi tumeyakimbiza ndani. Vipindi vitatu. Ng'ombe hakuna anayekohoa. Bwana Haule kasema tungoje wiki tatu ndipo tuseme wamekingwa.

Jioni nilikuwa nje nasahihisha. Tata kaja na kigoda chake, kakaa karibu yangu. Hajawahi. Akanyoosha kidole kwenye daftari la Bhoke, kwenye ile herufi, akauliza hiki ndicho ulichomwandikia yule mtu wa dawa?

Nikasema ndicho.

Ni nini?

Nikasema ni kitu ambacho kipo, Tata, ila hakijatajwa. Tunajua kipo. Tunaweza kukiongezea, kukipunguzia, kukipeleka huku na huku. Hatukisemi mpaka mwenyewe atake.

Akalishika daftari kwa mikono miwili, akaliweka mbali kidogo na macho kama wanavyofanya wazee. Akauliza, na watu mnawaandika hivyo?

Wanaandikwa, nikasema.

Ng'ombe walikuwa wanarudi, tunasikia kengele ya yule wa mbele. Hakuinuka kwenda kufungua. Alinirudishia daftari taratibu, akasema, hii wangekufundisha ukiwa darasa la tatu.

Sikumwangalia. Na yeye hakuniangalia. Sijui kama anajua kwamba Mama kaniambia. Nilisema ndiyo, Tata.

Akaenda kufungua lango. Nikaingia ndani kuchemsha maziwa.